Majani Yasiyong'atwa

Mimi ni dereva. Nasema mapema ili mtu asije akanibana na maswali ya kemia, maana nitamjibu vibaya. Ninayoyajua nimeyapata kwa kukaa mlangoni kwa Mama Unga miaka kumi na tisa, yeye akisaga majani, mimi nikisubiri kutumwa. Na kusubiri ndiyo kazi yenyewe, msidanganyike. Kuendesha gari ni mapumziko.

Jina lake analo, limo kwenye faili la utumishi, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mama Unga kwa bosi, kwa mlinzi wa getini, mpaka kwa mwenye duka ng'ambo ya barabara. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya kituo chetu cha utafiti wa mimea ya nchi kavu. Humo mlikuwa na tanuri la kukaushia, mizani, mashine ya kusagia inayopiga kelele kama ina ugomvi na mtu, rafu za mifuko ya karatasi yenye tarehe, na dirisha moja lisilofunguka. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nyusi zake zilikuwa za kijani. Akipiga chafya, meza nzima inatimka vumbi. Barakoa alipewa, aliivaa shingoni.

Nikimtania kwamba kwa kuchelewa kwake siku moja atamwaga unga, alikuwa na jibu tayari: "Nimwage nini tena, Dereva? Miezi minne nastaafu. Niache nizeeke kwa amani, na wewe kaoge."

Sitampamba. Alikuwa mwanamke aliyechoka, ule uchovu usioisha kwa kulala. Ikifika saa nane mchana miguu inavimba, anavua viatu na kuvisukuma chini ya meza, anasaga pekupeku. Mume alishatangulia, watoto wako mbali na maisha yao. Alikuwa na kikohozi cha miaka sita ambacho kila aliyekisikia alimwambia aende hospitali, naye alimjibu kila mmoja, "Nitaenda," huku akifunga mfuko mwingine.

Kazi yake ilikuwa kupima ukakasi. Umewahi kuuma ndizi mbichi? Ulimi unakauka, mashavu yanavutwa ndani, unatafuta maji. Ndiyo huo. Wataalamu wanaita tanini. Vichaka vya nchi kavu vinaitengeneza vyenyewe ndani ya majani, na havifanyi hivyo kwa urembo.

"Kichaka hakina miguu," aliniambia siku moja, akinifafanulia kama mtoto wa chekechea. "Mbuzi akija kitakimbilia wapi? Kinapigana palepale kiliposimama, kwa dawa kinayoipika chenyewe. Mbuzi akionja kidogo, hapati neno. Akila sana, ule ukakasi unakishika chakula tumboni, kisimfae. Anashiba, huku anakufa njaa."

"Na jua likiwaka?"

"Ndiyo kinazidi ubahili. Mvua ikikatika, kuotesha jani jipya ni shughuli. Kila jani lililobaki ni mali, kinalilinda kwa dawa."

Basi mwaka nenda mwaka rudi tulipima vichaka, na kila aina ya kichaka ina namba. Kilichotuponza kiliitwa Namba Saba. Ni kichaka cha miiba, majani yake kama ukucha wa kidole cha mwisho, kimejaa kila mahali nchi ile, hata penye mawe matupu. Ukutani juu ya meza ya Mama Unga kulikuwa na karatasi iliyochapwa zamani na mtu ambaye sisi wote hatukumkuta: MAJANI MAZIMA TU. YALIYONG'ATWA YATUPWE. Sababu ilikuwa ya maana kabisa, eti jani lililotafunwa lina mate na uchafu, litaharibu vipimo. Nani angebisha?

Majani yenyewe tuliyachuma nyuma ya karakana, kwenye eneo la hekari tatu lililozungushiwa uzio wa waya. Uzio uliwekwa ili mifugo ya watu isile utafiti wa serikali. Ndani ya uzio ule mbuzi hakuwa amekanyaga tangu waya ulipofungwa. Mimi nilishukuru sana, maana goti langu la kushoto halipendi safari, na pale hata gari halikuhitajika. Ninyi mnaojua mnaona tayari tulipokosea. Sisi tulipita hapo miaka na miaka, tukiwa na ndoo mbili, moja ya majani mazima, moja ya kutupa machache yaliyotobolewa na panzi, na hatukuona kitu.

Mwaka juzi kikatoka kipeperushi cha kituo chetu. Kilisema Namba Saba ina ukakasi mdogo, hata wakati wa kiangazi, na nyasi zikiisha mfugaji anaweza kujenga boma kuzunguka vichaka vyake, akafungia mbuzi humo wale mpaka mvua irudi. Namba iliyoandikwa kwa wino mzito ilikuwa ya Mama Unga, aliipima kwa mkono wake. Jina lake halikuwamo, lakini hakujali. Alichukua nakala moja, akapanda basi siku ya likizo yake, akampelekea mdogo wake.

Huyo mdogo wake ndiye aliyekuwa roho yake. Mama yao alifariki kijana akiwa na miaka sita, dada mtu akamlea, akamvika, akamfundisha kusoma kwa kumchorea herufi sakafuni kwa chaki. Sasa alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto wanne, na mali yake yote ilikuwa mbuzi thelathini na wanne. Hakuwa na shamba wala ajira, na ukame uliopita ulishamfyeka mara moja, akaanza upya na mbuzi sita. Mama Unga alirudi kutoka huko amechangamka, jambo la nadra. "Safari hii hatapoteza hata mmoja," aliniambia. "Kipeperushi amekibandika ukutani."

Mwaka huu nyasi ziliisha mapema. Mdogo mtu akajenga boma kama alivyoelekezwa, akafungia mbuzi. Wiki ya pili akapiga simu. Nilikuwepo, nakunywa chai, na Mama Unga simu alijua kuitumia kwa spika tu, kwa hiyo nikasikia yote.

"Dada, wamekufa wawili."

"Jamani! Walikuwa wazee?"

"Hapana. Na matumbo yamejaa, dada. Nimewapasua, wameshiba."

"Basi hiyo ni minyoo. Tafuta dawa, wape wote."

"Nitawapa leo leo."

Siku nne baadaye wakawa watano. Siku tatu tena, wanane. Dawa ya minyoo alishawapa, maji wanakunywa. Mama Unga akaanza kusahau mambo. Alikausha mfuko mmoja mara mbili, akaweka chumvi kwenye chai yake na akainywa hivyohivyo. Mimi nikasema la moyoni: "Si umwambie awatoe humo?"

Alinigeukia kama nimemtukania mama. "Awatoe waende wapi? Nyasi ziko wapi? Na awatoe kwa nini? Namba nimepima mwenyewe, Dereva, si ya kuokota njiani!"

"Haya, yaishe. Nimenyamaza."

Na nilinyamaza kweli, kwa sababu na mimi niliiamini ile namba. Ningeiachaje? Nilishika ndoo.

Jumatatu iliyofuata tukaenda uzioni kuchuma, tukakuta vichaka vimepukutika, jua limevipiga mpaka vimebaki miiba. Mfuko haukujaa hata robo. Nikamwambia nje ya uzio, kando ya barabara, Namba Saba ipo tele. Tukachuma huko. Ila huko ndiko mbuzi wa mji mzima wanapopita asubuhi na jioni, kila tawi limetafunwa. Tulipochambua mezani, ndoo ya kutupa ilijaa na ya majani mazima ikabaki na kiganja kimoja. Vipimo vinataka gramu hamsini, na taarifa ilitakiwa Jumatano.

Mama Unga alitazama karatasi ya ukutani. Akatazama ndoo. Akatazama miguu yake.

"Sirudi tena juani," alisema. "Nani atajua?"

Akayakausha na kuyasaga yaliyong'atwa. Naapa, miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akivunja sheria, isipokuwa moja, na hiyo aliivunja kila siku: alionja. Alichovya ncha ya kidole kwenye unga, akagusisha ulimini. Bosi wetu, Daktari, alimkataza mara tatu kwa maandishi. Alisema mashine inaweza kuharibika lakini ulimi wake haujawahi kupelekwa kwa fundi.

Kesho yake asubuhi, unga ulipokuwa tayari, aliweka kidole ulimini, na uso wake ukabadilika. Akachukua chupa ya maji, akanywa nusu, akatema kwenye sinki.

"Njoo uonje."

"Mimi? Nina watoto bado."

"Onja, wewe!"

Nikaonja. Weee! Ulimi ulikunjamana kama ngozi iliyoanikwa. Nikatafuta maji na mimi.

Alichukua unga wa akiba uliotoka ndani ya uzio, wa kiangazi hikihiki, akapima kijiko kwenye maji ya moto, akachuja. Akafanya hivyohivyo kwa unga wa yaliyong'atwa. Kisha akadondosha kwenye kila chupa matone mawili ya maji ya chumvi ya chuma, ambayo yakikutana na tanini hugeuka meusi. Chupa ya uzioni ikawa ya kijivu, kama maji yaliyosuuzia vyombo. Ile nyingine ikawa nyeusi ti. Akamwaga, akaosha, akarudia. Nyeusi. Akarudia mara ya tatu, na baada ya hapo akaiweka kwenye mashine ya kusomea, ikatoa namba mara nne ya ile ya kwenye kipeperushi.

Akavuta kiti, akashika tama.

"Dereva. Kichaka kikitafunwa kinajua. Kinapika zaidi. Sisi tumekuwa tukipima vichaka ambavyo havijawahi kuguswa na mbuzi, havina wa kupigana naye."

"Si ndivyo sheria ilivyosema?"

"Ndiyo. Na majibu tulikuwa tunayatupa kwenye ndoo." Akasukuma chupa nyeusi kando, akasema polepole, "Yeye kawafungia, Dereva. Vichaka vilevile, kila siku, wiki ya nne hii. Namba Saba ya kwake itakuwa imefika wapi?"

Alipiga simu. Haikupatikana. Kule kwa mdogo wake simu huchajiwa dukani, mwendo wa saa nzima kwa miguu, siku mtu anapopata nafasi. Akapiga tena. Akapiga mpaka nikamnyang'anya.

Tukaenda kwa Daktari. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mtu wa makaratasi, naye amechoka kwa namna yake, macho mekundu kwa kusoma skrini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama ile namba muda mrefu, akavua miwani.

"Mama, hii ni sampuli moja. Na ni ya majani ambayo kwa utaratibu wetu hayafai."

"Utaratibu ndio uliokosea, Daktari."

"Inawezekana. Lakini kipeperushi kimeshafika kwa watu wengi. Siwezi kuwaambia tumekosea kwa sababu ya mfuko mmoja. Turudie, sampuli thelathini, kisha tupeleke kwenye kamati mwisho wa mwezi. Mpaka hapo naomba usimwambie mtu yeyote wa nje."

"Mwisho wa mwezi mdogo wangu atakuwa na mbuzi wangapi?"

Daktari akavaa tena miwani. Mama Unga aliomba gari. Akaambiwa gari ni la kazi za kituo. Alitoka ofisini mle bila kufunga mlango, na hilo kwa Mama Unga ni matusi.

Sasa mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na goti, na miaka miwili iliyobaki kabla sijastaafu. Nilichofanya ni kuandika kwenye daftari la safari: kuchuma sampuli, Namba Saba, mbali. Uongo ulikuwa wapi? Nikapiga honi. Akatoka na koti lake la maabara, hakukumbuka kulivua, na nyusi zake za kijani, na viatu mkononi.

Njia nzima hatukuzungumza la maana. Saa tatu za vumbi. Mara moja alisema, "Thelathini na wanne kutoa wanane, ishirini na sita," nikamwambia ndiyo, ishirini na sita, na baada ya hapo akawa anaangalia nje. Huko nje Namba Saba ilikuwa imejipanga pande zote za barabara, ya kijani peke yake katika nchi nzima iliyoungua. Nilikuwa nikiiona miaka yote nikifikiri ni ustahimilivu tu. Sasa niliiogopa kidogo.

Mdogo wake tulimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo ameuegemeza kwenye boma. Alikuwa amekonda. Alipomwona dada yake alisimama haraka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada. Mbona hukunipa taarifa? Ungekuta hata maji yapo jikoni."

"Marahaba. Wamebaki wangapi?"

Akainamisha kichwa. "Kumi na saba."

Ukitaka kujua kumi na saba maana yake nini, ungeona upande wa pili wa nyumba, pale walipokuwa wamerundikwa wa juzi na jana kabla hajapata nguvu za kuchimba. Mke wake alitusalimia kutoka mlangoni na hakutoka nje. Ndani ya boma mbuzi walisimama wametawanyika, vichwa chini, matumbo ya mviringo na mifupa ya mgongo imechomoza. Vichaka vilikuwa vimeliwa vikaachwa, vikaliwa vikaachwa, na majani mapya yaliyochipuka yalikuwa ya kijani kizuri ambayo hayakuguswa na yeyote. Kando kulikuwa na matawi yaliyokatwa na kufungwa mafungu, na beseni la maji.

"Beseni la nini?" Mama Unga aliuliza.

"Maji ya chumvi, dada. Nanyunyizia majani."

"Kwa nini?"

Alicheka kidogo, kwa aibu. "Si hawa wajinga. Siku ya tatu tu walianza kukataa. Wananusa, wanageuka. Wanakwenda kusimama mlangoni mwa boma, wanalia, wanataka kutoka. Mmoja aliruka, nikamrudisha. Ndiyo nikaanza kuwatilia chumvi wapate hamu, na wale waliokaza nikawa nawafungua midomo kwa mkono, nawalisha mmoja mmoja, mimi na mama watoto, asubuhi na jioni. Nikawafokea. Nikawaambia, ninyi mbuzi mtajua kuliko dada yangu aliyesoma?"

Hakulisema kwa ubaya. Laiti angelisema kwa ubaya! Angemtukana, angemsukuma, mimi ningepata la kufanya, ningemwambia mwenzangu mheshimu dada yako. Alilisema kama mtu anayeeleza bidii yake, anatarajia kusifiwa.

Mama Unga alifungua mdomo. Nilijua alichotaka kusema, maana alikuwa amekisema peke yake njiani midomo ikichezacheza: habari za uzio, za ndoo mbili, za karatasi ya ukutani, za kichaka kinachojua kikitafunwa. Kikohozi kikamkamata. Alikohoa mpaka akashikilia nguzo ya boma, mdogo wake akakimbia kumletea maji, akamwekea mkono mgongoni, "Pole dada, pole, vumbi la njiani hilo."

Alipopata pumzi, alisema neno moja tu.

"Wafungulie."

Mdogo wake hakuuliza kwa nini. Hakuuliza wakale wapi, wala kipeperushi kilikosea nini, wala nani atamlipia. Aliweka kikombe chini, akaenda moja kwa moja mlangoni mwa boma, akaanza kuondoa matawi ya miiba kwa mikono mitupu, haraka haraka, kama alivyoyapanga alipoambiwa ayapange. Mama Unga akakaa chini palepale, na koti lake jeupe, akamtazama akimtii, akalia kwa sauti.